Vipodozi na Saratani: Nini cha Kuogopwa, na kwa Kiasi Gani

Katika masoko ya mkoa wa Songwe, tangu Tunduma penye foleni za malori mpaka maduka madogo ya vijiji vya Ibaba katika wilaya ya Ileje, ni bidhaa chache zinazonunuliwa kwa shauku na kuzungumzwa kwa hofu kama vipodozi. Mwanamke huambiwa na jirani yake kwamba poda aliyompaka mwanawe huleta saratani. Akaenda saluni akaambiwa kuwa hayo ni uzushi. Akafungua redio akasikia kwamba shehena ya krimu imeteketezwa kwa sababu ya sumu iliyomo. Kisha akaikuta krimu ya jina lile lile ikiuzwa sokoni mchana kweupe. Kwa habari zinazopingana namna hii, baadhi ya watu huamua kuogopa kila kitu, na baadhi, ambao ndio wengi, huchoka kuogopa wakaacha kuuliza. Hali zote mbili zina hasara: ya kwanza humnyima mtu vitu visivyo na dhara, na ya pili humwacha mikononi mwa vitu ambavyo dhara yake ni ya yakini.

Utata huu hutokana zaidi na swali lenyewe, ambalo huulizwa kwa ujumla mno. Mafuta ya nazi, liwa, wanja, hina, piko, poda ya watoto, losheni, mafuta ya kwapa, rangi ya nywele, dawa ya nywele na mkorogo wa kuchubua ngozi, vyote huitwa vipodozi, ilhali havishabihiani kwa asili, wala kwa njia ya kuingia mwilini, wala kwa kiasi cha ushahidi uliokusanywa juu yake. Mtu akiuliza kama vipodozi huleta saratani, atakayemjibu ndiyo atakosea, na atakayemjibu hapana atakosea vile vile. Na rai ya makala haya ni kwamba hofu ya watu wa sehemu zetu haikuelekezwa mahali pake: bidhaa inayolaumiwa zaidi kwa saratani ina madhara mengine yaliyothibiti zaidi kuliko saratani, na bidhaa ambayo ushahidi wa saratani umeanza kuizunguka ndiyo inayotumiwa bila ya wasiwasi wowote.

Sheria na Mpaka

Serikali haikulala katika jambo hili. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilianzisha Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ikaipa kazi ya kusajili vipodozi na kuzuia vile vyenye viambato vilivyokatazwa, miongoni mwavyo zebaki, haidrokwinoni, steroidi na klorofomu. Julai 2019 kazi ya chakula na vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na mamlaka ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Marufuku yapo, tena yametangulia ya nchi nyingi.

Lakini marufuku hupimwa mpakani, na mpaka wa Songwe si mwepesi wa kulinda. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni mji mmoja uliogawanywa na mstari, na ndilo lango kubwa la bidhaa ziendazo na zitokazo Zambia na Kongo. Kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa Oktoba 2019 kimeharakisha malori, nayo ni heri kwa biashara halali. Hata hivyo chupa za krimu hazihitaji lori. Hupita katika mikoba, katika mizigo ya watembea kwa miguu, na katika njia za panya ambazo kila mwenyeji anazijua. Kusini, Ileje inapakana na Malawi, mpaka ambao jamaa wa pande mbili huuvuka kwa misiba, harusi na magulio. Mara kadhaa vipodozi vilivyopigwa marufuku vimekamatwa Tunduma na kuteketezwa, na baada ya kila moto bidhaa imerudi, kwa maana mahitaji hayakuteketezwa pamoja nayo.

Mahitaji hayo hayafai kudharauliwa. Watafiti waliowahoji wanawake wa Dar es Salaam wanaojichubua, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2011, waliambiwa sababu nyingi: kuondoa chunusi, kupata ngozi laini, kumpendeza mume, kufanana na wenye rangi nyeupe, na, jambo la kuhuzunisha kuliko yote, kuficha madhara ya krimu zilizotumika awali. Mtu wa namna hii hatishwi kwa kuambiwa neno saratani, maana jeraha alilonalo usoni leo lina nguvu kuliko ugonjwa wa miaka ishirini ijayo.

Hoja ya Wenye Hofu

Wanaosema kwamba vipodozi vya kila siku huzidisha hatari ya saratani hawasemi pasipo msingi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, limeiweka fomaldehaidi, ambayo hutoka katika baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zinapopashwa moto, katika daraja la kwanza, yaani la vitu vyenye yakini ya kusababisha saratani kwa binadamu. Julai 2024 shirika hilo hilo liliipandisha talki, lile jiwe laini linalosagwa likawa poda, hadi daraja la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, na saratani iliyotajwa kwa wanawake ni ya ovari. Sehemu ya shaka juu ya talki imetoka ardhini: talki na asbesto huzaliwa katika miamba ya jamii moja, na machimbo yasiyochunguzwa huweza kuvitoa vyote viwili pamoja, ilhali juu ya asbesto hakuna tena mjadala. Kampuni ya Johnson & Johnson, ikiwa katikati ya maelfu ya kesi, iliacha kuuza poda ya talki ya watoto Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023, ikaweka wanga wa mahindi badala yake, huku ikishikilia kwamba bidhaa yake ya kwanza ilikuwa salama.

Wenye hofu huongeza hoja ya wingi na ya muda. Kipodozi hakitumiwi mara moja kama kidonge cha homa. Hupakwa kila siku, tangu utoto, kingine juu ya kingine, na hakuna mtafiti awezaye kuupima kwa wepesi mchanganyiko wa vitu kumi kwa muda wa miaka thelathini. Tena hutaja tofauti ya sheria: Umoja wa Ulaya umekataza viambato zaidi ya 1,300 katika vipodozi, ilhali Marekani kwa miaka mingi ilikataza vichache mno, mpaka Desemba 2022 ilipopitisha sheria mpya ya kuipa mamlaka yake nguvu zaidi.

Hoja hizi zina uzito, lakini zina nyufa. Daraja za IARC hueleza kama kitu kina uwezo wa kuleta saratani; hazielezi ni kwa kiasi gani, wala kwa mtumiaji yupi. Miale ya jua na moshi wa tumbaku vimo katika daraja moja, na hapana mwenye akili atakayesema kwamba mkulima wa Ibaba aliye shambani na mvutaji wa paketi nzima kwa siku wako katika hatari iliyo sawa. Kadhalika habari ya parabeni, vile vihifadhi vya losheni, ilienezwa mno baada ya watafiti wa Uingereza kuikuta katika vipande 20 vya uvimbe wa matiti mwaka 2004. Kuikuta mahali si kuthibitisha kwamba ndiyo iliyofanya uvimbe, na utafiti ule haukuulinganisha uvimbe na nyama ya matiti isiyo na ugonjwa. Shaka ilikuwa ya haki. Hukumu iliyotolewa mitaani haikuwa ya haki.

Hoja ya Wenye Kutuliza

Upande wa pili husimama juu ya hesabu. Kwa makadirio ya IARC ya mwaka 2020, Tanzania ilipata wagonjwa wapya wa saratani 40,464, na katika hao 10,241, zaidi ya robo, walikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ambayo husababishwa na kirusi cha HPV na ina chanjo, iliyoanza kutolewa nchini kote kwa wasichana mwaka 2018. Ukijumlisha tumbaku, pombe, moshi wa kuni ndani ya majiko yasiyo na dirisha, na sumukuvu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa vibaya, utakuwa umetaja visababishi ambavyo ushahidi wake ni mzito kuliko wa losheni yoyote. Mama anayetupa poda kwa hofu, na binti yake hajachanjwa, amejikinga na kidogo akaacha kikubwa.

Huongeza kwamba tuhuma kadhaa zimepimwa zikaonekana hazina nguvu. Mafuta ya kwapa yalituhumiwa kwa saratani ya matiti. Utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 2002, uliowalinganisha wanawake 813 wenye saratani hiyo na 793 wasio nayo, haukuona uhusiano. Mtu anayejipaka rangi ya nywele nyumbani kwake amewekwa na IARC katika daraja la mambo yasiyoweza kuhukumiwa kwa ushahidi uliopo.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba imejengwa juu ya bidhaa za watu wengine. Mafuta ya kwapa yaliyochunguzwa Seattle yameandikwa viambato vyake na yana kiwanda kinachojulikana. Chupa iliyovuka Nakonde ndani ya mkoba huenda ikawa na lebo ya Kifaransa ambayo mnunuzi haisomi, au lebo isiyosema kweli, au isiwe na lebo kabisa. Kumhakikishia mtu usalama kwa kutumia utafiti wa kitu asichokitumia si kumtuliza, bali ni kumghafilisha. Na saratani nyingi huchukua makumi ya miaka kujitokeza, wakati bidhaa nyingi za leo zimeenea vijijini kwetu kwa muda mfupi kuliko huo.

Nywele: Mahali Ushahidi Unapoongezeka

Hapa ndipo msomaji anapopaswa kutua, kwa sababu dawa ya nywele, ambayo wanawake wengi huiweka kila baada ya wiki kadhaa tangu wakiwa wasichana, haimo sana katika mazungumzo ya hofu. Oktoba 2022 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliowafuata wanawake 33,497 wa Marekani kwa karibu miaka 11, ambao 378 kati yao walipata saratani ya mji wa mimba. Waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia uchunguzi walikuwa na hatari iliyozidi maradufu ya wale wasiotumia. Kwa hesabu iliyo wazi zaidi, kati ya wanawake 1,000 wasiotumia, kama 16 hukadiriwa kupata ugonjwa huo kabla ya miaka 70. Kati ya 1,000 wanaotumia mara nyingi, kama 40. Mwaka 2021 utafiti wa Boston juu ya wanawake weusi ulikuwa umetoa habari ya tahadhari zaidi: kwa watumiaji walio wengi haukuona uhusiano ulio dhahiri na saratani ya matiti, ila kwa waliotumia dawa zenye kostiki soda angalau mara 7 kwa mwaka kwa miaka 15 au zaidi, hatari ilizidi kwa karibu asilimia 30. Karibu zaidi na sisi, utafiti wa Ghana uliochapishwa mwaka 2018 uliona uhusiano kati ya dawa za nywele na saratani ya matiti, ilhali krimu za kuchubua hazikuonyesha uhusiano ulio thabiti.

Yafaa kutofautisha saratani ya mji wa mimba na ile ya mlango wa kizazi, kwani watu huzichanganya. Iliyotajwa Marekani ni ya kwanza, ambayo kwetu ni adimu kuliko ya pili. Pia uhusiano si lazima uwe usababishi: huenda wanaoweka dawa mara nyingi wanatofautiana na wengine kwa uzito wa mwili, kwa uzazi, au kwa mambo mengine ambayo watafiti hawakuweza kuyaondoa yote katika hesabu zao. Lakini sababu ya kimaumbile ipo na inaeleweka. Dawa huunguza ngozi ya kichwa, na ngozi iliyoungua hupitisha vitu ambavyo ngozi nzima ingevizuia. Tena baadhi ya viambato hivyo huweza kujifanya mfano wa homoni za kike, na mji wa mimba na matiti ni viungo vinavyozitii homoni hizo. Tafiti zaidi ya moja zikielekeza upande mmoja, na sababu ikawa yaeleweka, mwenye busara hangoji yakini kamili ndipo apunguze.

Na kuna mtu anayesahauliwa, naye ni msusi. IARC imeiweka kazi ya saluni yenyewe katika daraja la mambo ambayo yaelekea huleta saratani; mteja hukutana na dawa kwa saa moja, na msusi hukaa nayo siku nzima, mikononi na puani. Katika baridi ya Juni na Julai ya nyanda za juu, madirisha ya saluni yanapofungwa, mvuke wa dawa na rangi hauna pa kwenda. Msichana anayejifunza kazi hiyo akiwa na miaka kumi na minane ndiye mwenye kupokea fungu kubwa kuliko wateja wake wote, na ndiye asiyesomewa tahadhari na mtu yeyote.

Mkorogo: Madhara ya Yakini, Saratani ya Shaka

Mkorogo, yaani krimu kadhaa zinazochanganywa pamoja ili zing'arishe ngozi kwa haraka, ndio unaotajwa kwanza saratani inapotajwa. Ushahidi unasema nini? Haidrokwinoni iliwapa uvimbe panya wa maabara waliolishwa nayo, lakini kwa binadamu IARC imeona ushahidi hautoshi kuhukumu. Zebaki ya aina iwekwayo katika krimu imo katika daraja hilo hilo. Kwa upande mwingine, madaktari wa Dakar, Senegal, walieleza mwaka 2010 wagonjwa waliopata saratani ya ngozi baada ya kujichubua kwa miaka mingi, jambo ambalo kwa watu weusi ni nadra. Njia yake yafikirika: melanini ni mwavuli wa ngozi, na mwenye kuuondoa mwavuli wake chini ya jua la milimani, ambalo miale yake huzidi ukali kadiri mtu apandavyo, amejianika. Visa vichache haviwi hesabu ya hatari, ila vinatosha kuwa onyo.

Yaliyothibiti ni mengine. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliovimba mwili kwa ugonjwa wa figo, wakakuta kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Mwaka 1975 Findlay na wenzake wa Afrika Kusini walieleza jinsi haidrokwinoni ya muda mrefu inavyogeuza ngozi kuwa na mabaka meusi ya kibuluu, yasiyotoka hata mtu akiacha, na nchi hiyo ikaipiga marufuku katika vipodozi mwaka 1990. Steroidi huikonda ngozi mpaka mishipa ikaonekana, hupandisha shinikizo la damu na sukari, na kuchelewesha majeraha kupona. Zebaki humfikia mtoto tumboni. Hakuna moja katika haya linalohitaji neno saratani ili liwe zito.

Ndiyo maana kampeni zinazotegemea tishio la saratani peke yake hujidhuru. Mtumiaji humwona shangazi yake aliyejichubua miaka kumi akiwa hana saratani, akahitimisha kwamba wote wanaosema juu ya mkorogo ni waongo, na katika hitimisho hilo akaupuuza na ukweli wa figo.

Kipodozi Chenye Kukinga

Mjadala huu hautakamilika bila ya kuwataja watu wenye ualbino, ambao kwao saratani ya ngozi si dhana. Mwaka 1985 Luande na wenzake wa Dar es Salaam walieleza hali ya ngozi ya watu 350 wenye ualbino, na picha waliyoitoa ilikuwa ya vijana wanaofikia saratani kubwa kabla ya kumaliza miaka yao ya thelathini. Kwa watu hawa mafuta ya kuzuia jua ni kinga ya uhai. Huko Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho pamoja na hospitali ya KCMC, mafuta hayo hutengenezwa kwa jina la KiliSun na kugawiwa kwa wenye ualbino. Hofu ya jumla dhidi ya kila kitu cha kupakwa, ikimfikia mzazi wa mtoto mwenye ualbino aliye mbali na hospitali, huweza kumfanya aiache chupa ambayo ingemwokoa mwanawe.

Mizani

Tukiziweka hoja zote pamoja, uzito haukai mahali pamoja. Kwa poda ya talki, hatari ikiwapo ni ndogo, lakini faida yake ni ndogo pia, na mbadala upo. Kuiacha, hususa sehemu za siri, hakumgharimu mtu kitu. Kwa losheni, sabuni na mafuta ya kwapa yenye usajili, hofu iliyopo imezidi ushahidi. Kwa dawa ya nywele, ushahidi umezidi hofu, na kupunguza mara za kuweka, kutoweka juu ya ngozi iliyochubuka, na kuchelewesha umri wa kuanza ni mambo yanayowezekana leo pasipo kungoja sheria. Kwa mkorogo, hukumu haiyumbi, ingawa mashtaka ya kwanza yawe figo na ngozi, na saratani ifuate nyuma.

Panabaki suala la nani abebe gharama. Marufuku makali, kama ya Rwanda, ambayo tangu 2019 imekuwa ikizikusanya krimu hizi madukani, huonyesha azma, lakini hupandisha bei na kuipeleka biashara gizani, ambako mnunuzi hapati hata lebo. Ulegevu nao huwaacha maskini wawe wapimaji wa sumu kwa ngozi zao wenyewe. Baina ya hayo mawili, rai yangu ni kwamba ukaguzi ubaki mkali kwa zebaki, haidrokwinoni na steroidi, na nguvu mpya zielekezwe mahali palipo patupu: lebo za Kiswahili kwa kila kipodozi kinachosajiliwa, glavu na madirisha yaliyo wazi katika saluni, zikaguliwe kama karakana nyingine yoyote, na ushauri wa ngozi bila ya lawama katika hospitali kama za Itumba na Isoko wilayani Ileje, ili mwenye kujuta apate pa kwenda kabla hajanunua krimu ya kuificha ya kwanza.

Na liko moja lisilohitaji bajeti kubwa. Mgonjwa wa saratani anayepokelewa Mbeya, au katika taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huulizwa umri, kazi, sigara na pombe. Aulizwe pia aliweka dawa gani nywelani, alijipaka nini, kwa miaka mingapi, na alikinunua wapi. Yakiandikwa hayo kwa uaminifu katika kila faili, daktari atakayeulizwa na binti wa Ibaba miaka ishirini ijayo hatalazimika kumjibu kwa hesabu za wanawake wa Marekani.